Kabla hujalinganisha vifo vya uzazi vya RDC (Kongo ya Kinshasa) na Rwanda

Kila mwaka wanafunzi wa afya ya jamii hapa Goma wanarudia mada hii. Ni mada nzuri, na mpaka wenyewe uko hapa mjini. Lakini, wadogo zetu, majedwali mnayoleta yana makosa yaleyale.

1. Kosa baya kuliko yote ni kuchanganya matoleo. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyotoka 2019 yaliipa RDC vifo 473 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2017, na Rwanda 248. Toleo la 2023 likatoa 547 na 259 kwa mwaka 2020. Mwanafunzi anapanga namba hizo nne, anachora mistari, anatangaza kwamba vifo vimepanda nchi zote mbili, halafu anajaza kurasa za sababu: vita, Ebola, Korona. Anaeleza kwa bidii jambo ambalo hajalithibitisha! Kila toleo hupokea data mpya, hurekebisha hesabu, na huchora mstari wote upya tangu 2000. Toleo jipya likitoka, ile 2017 ya zamani haitumiki tena. Shika toleo moja tu, la karibuni, na usome humo miaka yote ya nchi zote mbili. Nakili pia kiwango cha chini na cha juu cha kila kadirio. Vikiingiliana sana, usiandike "imepanda".

2. EDS, uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya unaofanywa nyumba kwa nyumba, nayo ina mtego wake. RDC ilipata 549 mwaka 2007, kisha 846 katika ile ya 2013-14. Wanawake huulizwa habari za ndugu zao wa tumbo moja, na vifo vinavyopatikana ni vichache, kwa hiyo namba huyumba. Tena 846 inasimamia miaka saba iliyotangulia uchunguzi: kwenye mchoro iweke karibu na 2010, si 2014. Rwanda, katika EDS yake ya 2014-15, ilipata 210, kwa miaka mitano. Soma kipindi kwanza.

3. Namba za SNIS, yaani ripoti za kawaida za vituo vya afya na hospitali, zisikae safu moja na makadirio. Mama aliyefia nyumbani mara nyingi hayumo. Hata hospitalini wengine hupotea: mjamzito aliyekufa kwa malaria yuko kwenye rejista ya tiba ya ndani, na aliyekufa siku ya 30 baada ya sezari (kujifungua kwa upasuaji) huenda yuko kwenye rejista ya upasuaji. Wote ni vifo vya uzazi, maana hesabu inafika siku 42 baada ya mimba kumalizika. Msiishie matenite (wodi ya wazazi), jamani. Pitieni kila rejista, na ya mochwari pia, mkitafuta wanawake wa miaka 15 hadi 49, kisha ulizeni kama kila mmoja wao alikuwa na mimba au alikuwa amejifungua. Ajali msihesabu.

4. Uwiano (vifo kwa kila vizazi hai 100,000) peke yake unaficha hatari ya maisha yote, yaani uwezekano wa mwanamke kufa kwa uzazi wakati wowote maishani mwake. EDS hizo za 2013-14 na 2014-15 zilikuta wastani wa watoto 6.6 kwa mwanamke RDC na 4.2 Rwanda. Hata uwiano ungekuwa sawa, mama wa Kongo angeingia hatarini mara nyingi zaidi. Ongezeni safu ya uzazi kando ya safu ya vifo, kwa kila mwaka mnaoulinganisha.