Bima ya aliyemgonga ndugu yangu haitoshi: salio nimdai nani?

SWALI: Mdogo wangu aligongwa na pikapu karibu na Salgaa, akaumia uti wa mgongo, na hadi leo hawezi kutembea. Wakili anakadiria fidia ya shilingi milioni 5, lakini kampuni ya bima inasema haivuki milioni 3, nayo imetuletea karatasi tuitie sahihi ili tulipwe upesi. Je, milioni 2 zilizobaki ndizo zimepotea? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Poleni sana nyote. Fedha hizo hazijapotea, ila nakusihi mdogo wako asiitie sahihi karatasi hiyo kabla wakili hajaisoma neno kwa neno, kwa kuwa mara nyingi huandikwa kwamba malipo ni kamili na ya mwisho, na anayekubali maneno hayo huenda akawa amewasamehe dereva na mwenye gari pamoja na bima yao.

Kampuni haikudanganya. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inailazimu kulipia majeraha au kifo hadi shilingi milioni 3 kwa madai ya mtu mmoja. Hata hivyo, kikomo hicho huikinga kampuni, hakimkingi aliyesababisha ajali: mahakama ikiamua milioni 5, salio ni deni la dereva mwenyewe, na pia la mwenye gari iwapo dereva alikuwa katika shughuli za mwenye gari huyo. Kwa hiyo washtakiwe wote wawili, baada ya kuthibitisha jina la mwenye gari katika rekodi za NTSA, mamlaka ya Kenya inayosajili magari, na kampuni ipewe notisi ya kesi mapema, kwani bila notisi inaweza kukataa hata zile milioni 3.

Kiasi hiki kinazidi uwezo wa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo huishia milioni 1. Peleka madai kwa hakimu mkuu hapo Nakuru, kabla ya miaka 3 tangu siku ya ajali kuisha.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, ni kulipwa baada ya kushinda. Chunguzeni mapema kama mwenye gari ana shamba, magari mengine au mshahara, maana dereva asiye na kitu hulipa kidogo kidogo, na hilo linaumiza mgonjwa anayehitaji matibabu sasa. Mdaiwa, awe dereva au mwenye gari, akianza kuuza mali ili kukwepa deni, wakili anaweza kuiomba mahakama iizuie hata kabla ya hukumu. Na akiwa hana kitu leo, hukumu hudumu miaka 12, kwa hivyo mali atakayoipata baadaye inaweza kukamatwa na dalali wa mahakama.