Maswali ya Wasomaji: Mpira wa Kurusha Hauna Kuotea

SWALI: Beki wetu alirusha mpira kutoka pembeni ukamfikia straika aliyekuwa peke yake nyuma ya mabeki wao. Badala ya kupiga, alisimama akainua mikono akidhani ameotea (offside, yaani kuwa karibu mno na goli la wapinzani mwenzako anapotoa pasi). Kipa akauokota. Kocha alikasirika sana. Straika alikosea? – Msomaji, Kayole

JIBU: Alikosea, na bao likamponyoka bure. Sheria ya 11 ya soka haina utata: hakuna kuotea iwapo mpira umekujia moja kwa moja kutoka kwa mpira wa kurusha, kona au goli kiki. Angeweza kusubiri hata karibu na mlingoti.

Hatari iko kwenye mguso unaofuata. Straika akiutuliza kisha ampe mwenzake aliye mbele zaidi, kinga ya mpira wa kurusha imekwisha. Huyo wa pili anapimwa kama ameotea pale pasi inapotoka mguuni, si pale anapoipokea. Hapo ndipo timu nyingi za mtaani hunaswa: zimesikia kwamba "kurusha hakuna kuotea", zikadhani ruhusa inadumu hadi shambulizi liishe.

Jambo jingine: hupimwi na beki wa mwisho, bali na mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kwa kawaida kipa ndiye wa mwisho, ndiyo maana watu huchanganya. Kipa akitoka kukata krosi na mstarini akabaki beki mmoja tu, straika aliye mbele ya mpira, akiwa na beki huyo peke yake kati yake na goli, ameotea. Washangiliaji watamzomea refa, lakini yeye ndiye aliye sahihi.

SWALI: Kipa wetu alidaka mpira aliorushiwa na beki wake. Refa akawapa wapinzani ikabu (mpira wa adhabu, free kick) ndani ya kisanduku. Si sheria inakataza pasi ya mguu pekee? – Kocha wa vijana, Dandora

JIBU: Hapana. Kipa haruhusiwi kugusa kwa mikono mpira aliopigiwa makusudi kwa mguu na mwenzake, wala aliorushiwa naye moja kwa moja. Wa kichwa au kifua anaweza kuudaka, mradi si hila ya kukwepa sheria. Hila hiyo huleta kadi ya manjano.

Ikabu hiyo si ya moja kwa moja, na refa huinua mkono kuonyesha hivyo. Mfundishe kipa wako autazame mkono huo. Mpira ukipigwa ukaingia wavuni bila kumgusa mtu mwingine, ni goli kiki. Akijirusha na kuugusa kwa ncha za vidole ukaingia, ni bao. Kwa hiyo, kama ana hakika haujamgusa yeyote, auache upite. Inahitaji roho ngumu.

SWALI: Kweli yule beki wa Zaire kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1974 hakujua sheria? – Msomaji, Umoja

JIBU: Mwepu Ilunga alichomoka ukutani (safu ya wachezaji wanaozuia ikabu) akaupiga mpira mbali kabla Brazil hawajapiga ikabu yao, akaonyeshwa kadi ya manjano. Dunia ilimcheka. Baadaye alieleza kwamba aliijua sheria vizuri na alifanya makusudi, kwa kupinga hali iliyowakabili. Kwa vijana wako: ukuta unakaa mita 9.15 kutoka kwenye mpira hadi mpira uguswe na kusogea.