Anzia kwenye miaka mitupu

Wadogo zangu mnaoanza kuandika wasifu wa waigizaji wa Marekani kwa Kiswahili, swali mnaloniuliza kila mara ni hili: unaanzia wapi, wakati mtu mmoja ana filamu sitini, tamthilia ishirini na ndoa tatu? Mimi naanzia pale pasipo na kitu. Nachukua kaunta buku, napiga safu tatu: mwaka, kazi, na nani aliyelipa. Naandika miaka yote tangu kazi ya kwanza hadi ya mwisho, kila mwaka mstari wake, hata kama sina la kuujaza. Nikimaliza, tuzo naziacha kwanza. Naangalia mistari iliyobaki mitupu.

Utaratibu huu nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa pili kwenye kipindi cha redio cha Jumamosi jioni nilisoma wasifu wa Lee Grant. Nilikuwa nimeona kwamba mwaka 1951 alitokea katika Detective Story, ikiwa filamu yake ya kwanza, akateuliwa kuwania Oscar, tuzo kubwa ya filamu ya Marekani, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka kumi, karibu hakuna kitu. Nikajaza pengo kwa akili yangu. Nikasema hewani kwamba alipumzika kulea familia.

Simu ikaingia kabla kipindi hakijaisha. Alikuwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, msikilizaji wetu wa siku nyingi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Yule mama hakupumzika. Alifungiwa.”

“Alifungiwa na nani, mzee?”

“Nenda kasome, halafu urudi utueleze sote.”

Nikaenda kusoma. Mwaka 1947 kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliwaita watu wa filamu Washington kuwahoji kuhusu ukomunisti. Waandishi na waongozaji kumi walikataa kujibu, wakafungwa jela kwa kuidharau kamati. Novemba mwaka huohuo wakuu wa kampuni za filamu walikutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, wakatangaza kwamba hawatawaajiri watu hao tena. Mwaka 1950 kikatoka kijitabu kilichotaja watu 151 wa redio na televisheni walioshukiwa kuwa na mrengo wa kushoto. Hapakuwa na hukumu wala barua ya kufukuzwa. Simu za kazi ziliacha tu kulia. Lee Grant alitakiwa kutoa ushahidi dhidi ya mume wake, mwandishi Arnold Manoff, akakataa. Milango ya filamu na televisheni ikafungwa karibu yote kwa takriban miaka 12. Aliishi kwa kazi za jukwaani na kufundisha. Aliporudi, alishinda Emmy, tuzo ya televisheni, mwaka 1966, na Oscar kwa filamu ya Shampoo ya mwaka 1975.

Sasa fikiria nilichokuwa nimekifanya. Mwanamke alilipa miaka 12 ya ujana wake kwa kukataa kumsaliti mumewe, nami nikawaambia wasikilizaji kwamba alikuwa nyumbani anapumzika. Jumamosi iliyofuata nilisoma wasifu upya, nikataja kosa langu kabla ya jambo lingine lolote. Tangu siku hiyo sijazi pengo kwa kubuni. Pengo likinishinda, nalitaja mwaka lilipoanza na mwaka lilipoisha, basi.

Mapengo mengine yanatokana na mikataba, na hapa naomba mkae kidogo, kwa sababu bila kuelewa mkataba wa Hollywood wa miaka ya 1930 na 1940 hutaelewa maisha ya mwigizaji yeyote wa wakati ule. Kampuni ilimfunga mwigizaji kwa miaka saba. Kila baada ya kipindi fulani, aghalabu miezi sita au mwaka, kampuni ilikuwa na hiari ya kuendelea naye au kumwacha. Yeye hakuwa na hiari hiyo. Alilipwa kwa wiki, alipangiwa filamu, na aliweza kuazimwa kwa kampuni nyingine, faida ikabaki kwa mwenye mkataba. Akikataa filamu aliyopangiwa, alisimamishwa bila mshahara, na siku zote za kusimamishwa ziliongezwa mwishoni mwa mkataba. Hivyo miaka saba ingeweza kuwa minane, tisa, na kuendelea. Bette Davis alijaribu kujinasua mwaka 1936. Kesi ikasikilizwa London, akashindwa.

Olivia de Havilland alifika mbali zaidi. Mwaka 1943 kampuni ya Warner Bros. ilimwambia bado anadaiwa muda wa kusimamishwa. Akaenda mahakamani akitegemea sheria ya California iliyokataza mkataba wa kazi kumbana mtu kupita miaka saba. Desemba 1944 mahakama ya rufaa ilimpa haki: miaka saba ni ya kalenda, haihesabiwi kwa siku za kazi tu. Lakini tazama kaunta buku yako. Kwa karibu miaka miwili kesi ikiendelea, hakuna kampuni iliyompa filamu. Alipoachiwa alirudi kwa kishindo, akapata Oscar mbili, kwa To Each His Own ya 1946 na The Heiress ya 1949. Ukiandika tuzo hizo mbili bila kesi umeandika nusu ya habari, tena nusu nyepesi. Waigizaji waliokuja baada yake walifanya kazi chini ya sheria aliyoipigania kwa pesa zake.

Hapohapo kuna mtego unaowanasa wageni wengi: mwaka filamu ilipotoka si lazima uwe mwaka ilipopigwa. Filamu ya de Havilland iitwayo Devotion ilikamilika mwaka 1943, ikakaa kabatini, ikaonyeshwa 1946. Ukifuata tarehe za kutoka utadhani alikuwa akiigiza Warner Bros. mwaka ambao alikwisha kuondoka. Mimi naandika tarehe zote mbili, ya kupigwa kwa penseli na ya kutoka kwa wino.

Jukwaani hesabu ni nyingine. Filamu inabaki, onyesho la jukwaani linakwisha taa zikizimwa. Kwa hiyo watu wa tamthilia huhesabu maonyesho. Broadway, ambayo ni mtaa na jina la jumla la kumbi kubwa za eneo lile la New York, kwa kawaida hufanya maonyesho 8 kwa wiki. (Tafadhali msiandike “ukumbi wa Broadway” kana kwamba ni jengo moja. Nimelifuta neno hilo kwenye makala za wanafunzi hadi kifutio kimeisha.) Tamthilia ya A Streetcar Named Desire ilifunguliwa tarehe 3 Desemba 1947 na ikafanya maonyesho 855. Gawanya kwa 8 unapata karibu wiki 107, zaidi ya miaka miwili ya kupanda jukwaani usiku baada ya usiku kuigiza mwanamke anayepoteza akili. Jessica Tandy ndiye aliyeianzisha nafasi ya mwanamke huyo, Blanche, akapata Tony, tuzo ya tamthilia za Broadway. Msimpe yeye maonyesho yote 855, kwa sababu kabla ya mwisho nafasi hiyo ilichukuliwa na Uta Hagen.

Halafu filamu ikatengenezwa, ikatoka 1951. Marlon Brando, Kim Hunter na Karl Malden wakachukuliwa kutoka jukwaani. Tandy akaachwa. Nafasi ikaenda kwa Vivien Leigh, ambaye jina lake lilijaza kumbi za sinema, naye akashinda Oscar kwayo. Tandy aliendelea kufanya kazi, jukwaani zaidi, kwa miaka karibu arobaini ambayo watazamaji wa filamu hawakuiona sana. Mwaka 1990 alipewa Oscar yake kwa Driving Miss Daisy, akiwa na miaka 80. Magazeti mengi huandika kisa hiki kama bahati ya uzeeni. Mimi sikubali neno bahati. Mama yule alikuwa kazini muda wote.

Safu ya tatu, ya nani aliyelipa, wengi huiruka kwa kudhani kuzungumzia pesa ni umbea. Pesa hukuonyesha thamani ambayo mwajiri alimpa mtu siku ile, kabla dunia haijajua. James Earl Jones, aliyekuwa na kigugumizi utotoni na karibu hakusema kwa miaka kadhaa, alilipwa dola 7,000 kwa sauti ya Darth Vader, yule mwovu mwenye barakoa nyeusi, katika Star Wars ya 1977, na jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya waigizaji ilipotoka mara ya kwanza. Wakati huo alikwisha kushinda Tony mwaka 1969 kwa The Great White Hope. Muulizeni mtoto yeyote anayejua filamu hizo amwige mhusika. Atakachoiga ni ile sauti.

Hattie McDaniel nawaomba mumwandike kwa makini kuliko wote. Kabla ya filamu aliimba katika vikundi vya kuzunguka mji hadi mji, na mambo yalipoharibika baada ya 1929 alifanya kazi ya kuhudumia msalani katika klabu moja ya Milwaukee, mpaka siku aliporuhusiwa kuimba palepale. Filamu zake nyingi za mwanzo hazikutaja jina lake kabisa, kwa hiyo orodha yoyote utakayoikuta ichukulie kuwa pungufu. Desemba 1939 Gone with the Wind, filamu aliyoigiza, ilizinduliwa Atlanta bila yeye, kwa sababu ya sheria za ubaguzi za jimbo la Georgia. Tarehe 29 Februari 1940 alipokea Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Oscar, katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles, ambayo haikuwapokea Weusi kama wageni. Aliingizwa kwa ombi maalumu, akaketishwa meza ndogo pembeni, mbali na wenzake wa filamu ileile. Baada ya tuzo aliendelea kupewa nafasi za watumishi wa ndani. Kuna wanaomlaumu kwa kuzikubali, na walikuwepo tangu enzi zake. Wewe weka mbele ya msomaji nafasi zilizokuwepo kwa mwanamke Mweusi mwaka 1940, moja baada ya nyingine, kisha mwache apime mwenyewe.

Wengi hunibana pia niwatafutie kila mwigizaji uhusiano na kwetu. Msiulazimishe. Ukiwepo wa kweli utauona. Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji Mmarekani Mweusi, alijifunza Kiswahili London katika miaka ya 1930, na katika Sanders of the River ya 1935, filamu ya Waingereza aliyokuja kuijutia kwa jinsi ilivyousifu ukoloni, mmoja wa waliotokea kama watu wa ziada ni Jomo Kenyatta, wakati huo akiishi Uingereza. Robeson huyohuyo alinyang'anywa pasipoti na serikali yake mwaka 1950 na hakurudishiwa hadi 1958. Akiwa hawezi kuvuka mpaka, mwezi Mei 1952 alisimama juu ya lori upande wa Marekani, kwenye mpaka wa jimbo la Washington na Kanada, akawaimbia maelfu waliokusanyika. Kwenye kaunta buku yangu miaka hiyo minane si mitupu. Nimeandika: “lori, mpakani.”

Kuhusu lugha nina machache. Andikeni “aliigiza nafasi ya,” na “aliigiza kama” muachane nayo. Neno nyota litumieni mara moja tu katika makala. Majina ya kuzaliwa yaelezeni pale yanapoeleza jambo: Diane Keaton alizaliwa Diane Hall, lakini chama cha waigizaji wa jukwaani kilikuwa tayari na mwanachama mwenye jina hilo, na hakiruhusu majina mawili yanayofanana, basi akachukua jina la ukoo wa mama yake. Hiyo ni habari ya kazi.

Ukurasa ulio wazi mezani kwangu wiki hii ni wa Anna May Wong, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1905. Aliitamani sana nafasi ya O-Lan katika The Good Earth, mkulima wa Kichina, lakini mume wa O-Lan alikuwa anaigizwa na mzungu, Paul Muni, na kanuni za filamu za wakati ule zilikataza mapenzi ya watu wa rangi mbili kwenye skrini. Nafasi akapewa Luise Rainer, mzungu, aliyepata Oscar kwayo. Mstari wa 1936 ungeonekana mtupu kama nisingejua kwamba mwaka huo alipanda meli kwenda China, nchi ya mababu zake ambayo hakuwahi kuiona. Kisha kati ya 1942 na 1949 hakuna filamu hata moja. Hapo nimerudi nyuma kwenye safu ya tatu ya mwaka 1942, penye filamu zake mbili ndogo za wakati wa vita. Kampuni ilimlipa kwa zote mbili, naye pesa hizo alizitoa zote kusaidia China.