Jalada la Kesi Liko Masjala Gani?

Barua tatu zilizonifikia mwezi huu kutoka mikoa ya Lindi na Mtwara zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mtu asiye wakili, anayeishi mbali na mji, ataipataje kumbukumbu ya kesi ya jinai iliyokwisha kuamuliwa? Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu inamhusu mtu aliye kifungoni, na siku zake za kukata rufaa zinahesabiwa.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mdogo wangu alihukumiwa kifungo cha miaka mitano na Mahakama ya Wilaya yetu, wiki tatu zilizopita, kwa kosa la kuvunja ghala na kuiba magunia ya korosho. Kusudio la kukata rufaa ameshalijaza gerezani. Nimekwenda mahakamani mara mbili kuomba hukumu. Mara ya kwanza niliambiwa haijachapwa, na mara ya pili niliulizwa namba ya kesi, nami sikuwa nayo. Hapa kijijini wengine wananiambia niende Lindi mjini, wengine wanasema Mtwara. Niende wapi? — Kaka mtu, mkoa wa Lindi

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usifunge safari ya Lindi wala ya Mtwara kwa sasa. Jalada la kesi hukaa katika masjala, yaani ofisi ya kutunzia majalada, ya mahakama iliyoisikiliza, na kwa kawaida huondoka hapo linapoitwa na mahakama ya juu kwa ajili ya rufaa au mapitio. Wanaokutajia Mtwara wana sababu, kwa maana rufaa ya jinai kutoka Mahakama ya Wilaya huenda Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu inayohudumia mikoa yenu miwili ina masjala yake Mtwara mjini. Lakini huko ni hatua ya baadaye. Nakala unazozihitaji leo zinatoka wilayani kwenu.

Anza na namba ya shauri, pamoja na mwaka wake, kwa sababu namba zimekuwa zikianza upya kila mwaka na namba bila mwaka haimfikishi karani popote. Utaikuta katika hati ya mashtaka, katika wito uliopelekewa shahidi yeyote, katika karatasi za dhamana kama mdogo wako aliwahi kudhaminiwa, na katika hati ya kifungo ambayo mahakama iliikabidhi kwa magereza. Hiyo ya mwisho ndiyo njia ya uhakika zaidi kwako: siku ya kumtembelea, mwombe askari wa zamu akusomee namba iliyoandikwa humo. Ukikosa kote, mweleze karani jina kamili la mshtakiwa na tarehe ya hukumu, umwombe aitafute katika rejista ya mashauri ya jinai.

Ukishaipata, usiombe kwa mdomo tena. Andika barua kwa Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu msimamizi, wa mahakama hiyo, utaje namba ya shauri, jina la mshtakiwa, tarehe ya hukumu, uhusiano wako naye na sababu ya maombi, kisha uombe vitu viwili kwa majina yake: nakala ya hukumu na nakala ya mwenendo wa shauri. Hukumu ni uamuzi wa hakimu na sababu zake. Mwenendo ni kumbukumbu ya kila kilichotokea tangu siku ya kwanza, yaani nani alitoa ushahidi, aliulizwa nini, alijibu nini, na kielelezo gani kilipokelewa. Nasisitiza hili kwa sababu wapo warufani wanaopewa hukumu peke yake wakaona inatosha, ilhali sababu nzito za rufaa mara nyingi zimejificha katika mwenendo: shahidi aliyesema alimtambua mtu usiku bila kueleza mwanga ulitoka wapi, au maelezo ya onyo, yaani yale mshtakiwa aliyoandikisha polisi, yaliyopokelewa kama kielelezo lakini hayakusomwa kwa sauti mbele ya mshtakiwa. Mambo kama hayo yamewahi kubadili matokeo ya rufaa nyingi hapa nchini.

Peleka barua hiyo katika nakala mbili. Moja ibaki masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani uitunze kama unavyotunza stakabadhi ya ghalani. Umuhimu wake ni huu. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi anatakiwa kutoa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na kuwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45 tangu uamuzi ulipotolewa. Lakini muda uliotumika kupata nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi. Muhuri ule ndio utakaoonyesha siku mlipoomba, na tarehe ya kukabidhiwa nakala itaonyesha siku mlipopata. Asiye na muhuri hubaki na neno lake tupu dhidi ya kalenda, na hapo italazimu kwanza kuiomba Mahakama Kuu iongeze muda kwa kuonyesha sababu ya msingi. Kesi zilizoanzia Mahakama ya Mwanzo zina njia yake: rufaa huenda Mahakama ya Wilaya, na muda wake ni siku 30.

Kuhusu gharama, mshtakiwa mwenyewe akiomba nakala ya hukumu anastahili kupewa bila malipo na bila kucheleweshwa. Sehemu nyingine za kumbukumbu huweza kutozwa ada, isipokuwa mahakama ikiona kuna sababu ya pekee ya kuzitoa bure, kwa hiyo kama familia haina uwezo liseme hilo ndani ya barua. Ada halali hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, kwa simu au benki, na hutolewa risiti. Mtu akikuomba fedha mkononi ili "alisukume jalada", usimpe. Namba ya kupiga bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113. Ninakereka kila ninapofikiri kwamba mkulima anayelala njiani kati ya Liwale na Nachingwea wakati wa masika, ili tu apate karatasi aliyo na haki nayo, anaweza kuombwa rushwa mlangoni.

Mdogo wako naye asikae akisubiri. Mfungwa anaweza kuwasilisha rufaa yake na nyaraka zake kwa mkuu wa gereza, ambaye ana wajibu wa kuzipeleka mahakamani. Maombi ya nakala yakitoka kwake na yakitoka kwako, hakuna ubaya. Kama kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 katika wilaya yenu, waone. Na ikiwa baada ya barua mbili zilizogongwa muhuri bado hujajibiwa, mwandikie Naibu Msajili wa Mahakama Kuu Mtwara, uambatishe nakala za barua hizo. Hapo ndipo safari ya Mtwara itakapokuwa na maana.

SWALI: Chama chetu cha msingi cha ushirika kinakaribia uchaguzi. Mgombea mmoja anasemwa kwamba aliwahi kufungwa kwa wizi katika wilaya ya jirani. Je, sisi wanachama tunaweza kwenda mahakamani kuomba rekodi yake? — Mwanachama, Tandahimba

JIBU: Tofautisheni kwanza mambo mawili. Historia ya mtu ya makosa ya jinai hutunzwa na Jeshi la Polisi, na njia ya staha ni kuwataka wagombea wote, si huyo mmoja, walete cheti cha Polisi kinachotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Mahakama hutunza kumbukumbu za mashauri, si za watu. Anayekwenda masjala akiwa na uvumi tu, bila namba, mwaka wala jina la mahakama, atarudi mikono mitupu, na hiyo si njama ya kumficha mtu.

Kama shauri lilifika Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, tafuteni katika tovuti ya TanzLII, ambako hukumu nyingi za mahakama hizo husomwa bure, hata kwa simu. Mkilipata jina, msishangilie haraka. Akina Hamisi Saidi wako wangapi Newala na Tandahimba? Linganisheni jina la babu, kijiji na mwaka. Tena someni hadi mwisho, kwa sababu aliyetiwa hatiani wilayani huenda aliachiwa huru katika rufaa, na mtu wa namna hiyo hana hatia mbele ya sheria. Kumtangaza mkutanoni kwamba ni mwizi kunaweza kuwafikisha ninyi mahakamani.

Yapo pia mashauri ambayo mlango wake umefungwa kwa sababu njema, hasa yanayowahusu watoto na yale ya makosa ya kujamiiana, ambayo husikilizwa faraghani. Hayo msiyachimbe.

SWALI: Babu yetu alishtakiwa Nachingwea katika miaka ya 1950. Tunaandika historia ya ukoo. Tutaipata wapi kesi yake? — Mjukuu, Masasi

JIBU: Msitafute kwa mipaka ya leo. Mkoa wa Lindi ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, na kabla ya uhuru eneo lote hilo lilikuwa ndani ya Jimbo la Kusini, kwa hiyo jalada la Nachingwea linaweza kuwa limeorodheshwa chini ya jimbo hilo. Mahakama za Mwanzo tunazozijua nazo zilitokana na sheria ya mwaka 1963. Kabla yake palikuwa na mahakama za wenyeji na mahakama za maofisa wa wilaya, kila moja na vitabu vyake, na mnapaswa kujua babu alisimama mbele ya ipi.

Andikeni kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iliyoko Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 2002 inayoiongoza inaruhusu kwa jumla umma kusoma kumbukumbu zilizotimiza miaka 30. Tajeni wilaya, miaka mnayoikisia na majina yote ambayo babu alitumia, likiwemo la jandoni kama lilibadilika, kwa sababu karani wa enzi hizo aliandika jina kama alivyolisikia. Mkienda wenyewe, ombeni kwanza orodha ya majalada ya Jimbo la Kusini, kisha muisome mstari kwa mstari.