Jibu: Yoyo mbili kufanana pichani si ushahidi wa wizi

Ndugu uliyeanzisha mada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, je, hizi yoyo mpya za alumini za bei nafuu kutoka China ni nakala za zile ghali za Marekani na Japani? Pili, ukimpelekea fundi wa hapa Nairobi mchoro wako akakukerezea yoyo ya umbo la V (kuta zake zinatanuka kutoka katikati kwenda ukingoni), je, una haki ya kuiita yako? Walionitangulia kukujibu wamebandika picha mbili sambamba na kutoa hukumu: "hii ni ile ile." Mimi napinga hukumu hiyo kwa nguvu zote, kwa sababu picha ya pembeni ndiyo inayosema machache kuliko yote kuhusu yoyo.

Chukua yoyo yoyote ya kisasa ya mtindo wa 1A, ule wa kucheza yoyo moja kwa mbinu za uzi. Nyingi zina kipenyo cha milimita 54 hadi 58, upana wa 42 hadi 48 na uzito wa gramu 62 hadi 68. Beringi ni saizi C: tundu la milimita 6.35, kipenyo cha nje 12.7, unene 4.76. Viwandani beringi hiyo huitwa R188, na baadhi ya zile spina za vidole zilizotapakaa mjini mwaka 2017 zilikuwa nayo. Kuna vijana waliozivunja ili wapate beringi tu. Ekseli kwa kawaida ni skrubu ya M4. Pedi za silikoni, zile zinazoushika uzi ili yoyo irudi mkononi, nazo zina saizi zilizozoeleka. Ongeza hitaji la uzi kupita bila kusugua kuta, na la mkono kudaka yoyo bila kuumia. Ukishafunga mambo hayo yote, nafasi ya kalamu kucheza inabaki finyu sana. Watu wawili wasiojuana, mmoja Tokyo na mwingine Kayole, watachora V zinazokaribiana, na hakuna aliyemwibia mwenzake.

Tofauti imejificha kwenye unene wa kuta. Nguvu ya yoyo kuendelea kuzunguka hutegemea uzito mara mraba wa umbali kutoka katikati. Gramu moja iliyokaa milimita 27 kutoka kwenye mhimili inafanya kazi mara tisa ya gramu iliyokaa milimita 9. Kwa hiyo mbunifu anayejua kazi yake hutumia muda wake mwingi kuamua apunguze wapi ndani na aache wapi ukingoni. Nimewahi kurusha yoyo mbili ambazo ukiziweka mezani huwezi kuzitofautisha kwa umbo la nje, na uzito wao ulipishana kidogo mno. Moja ilikuwa imebakishiwa nyama katikati: ilikubali kugeuzwa upesi, uzi ukibadilisha mwelekeo nayo imeshafuata. Nyingine ilikuwa na kuta nyembamba na ukingo mzito: ilikaa imara kwenye mzunguko wake na kulala, yaani kuzunguka chini ya uzi bila kupanda, kwa muda mrefu, lakini kuigeuza ilikuwa kubishana nayo. Na zile zenye pete ya chuma cha pua ukingoni zinalisukuma jambo hili mbali zaidi, maana chuma hicho ni kizito karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule. Picha haikuonyeshi hata moja ya hayo.

Ndiyo maana mtu akiniambia "wameiga", namuuliza: umepima? Weka kwenye mizani, pima kuta kwa kalipa, irushe. Kama kuta, pembe, uzito na hata ngazi ndogo za karibu na beringi zinalingana zote, hapo una kesi. Kama kinacholingana ni V tu, huna.

Sasa swali lako la pili. Yangu nilikerezewa Industrial Area, na fundi ambaye siku zote hutengeneza bushi za magari. Yoyo hakuwa ameishika tangu utotoni, lakini alipoona mchoro alielewa haraka mahali penye hatari: kiti cha beringi, yaani pale beringi inapokaa. Kikilegea kidogo, vipande viwili havikai kwenye mhimili mmoja na yoyo inatetemeka mpaka kidole kinaona. Kikibana mno, beringi haitoki tena. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba kiti, tundu la skrubu na ukuta wa upande wa uzi vikatwe kwa mkupuo mmoja, bila kukifungua kipande kutoka kwenye mashine, kwa sababu ukikifungua na kukifunga tena, kitovu kimeshahama. Hakuna mchoro wa intaneti ulionifundisha hilo. Umbo la nje lilikuwa la kawaida kabisa, na vipimo vya beringi na pedi vilikuwa vya dunia nzima. Unene wa kuta tuliuamua sisi, tukikata na kurusha na kukata tena. Naiita yetu, mimi na yeye, na nikiulizwa nilianzia wapi nasema wazi ni yoyo gani nilizozipima kabla ya kuchora. Aibu ya kusema hivyo sijawahi kuiona.

Hata historia ya kifaa hiki haina mwanzilishi mmoja wa kumtolea zaka. Haven na Hettrick wa Cincinnati walipata hataza mwaka 1866. Pedro Flores, Mfilipino, alifungua kiwanda chake Santa Barbara, California, mwaka 1928 na hakudai kwamba ndiye aliyeivumbua. Alileta uzi unaozunguka ekseli bila kufungwa fundo, na hapo yoyo ikaweza kulala. Tom Kuhn, daktari wa meno wa San Francisco, alitoa yake yenye beringi mwaka 1990. Frank Difeo akaja na KonKave, beringi ya mgongo uliobonyea kidogo ili uzi ukae katikati. Haya ndiyo mageuzi yaliyobadilisha namna ya kucheza, na ukiyahesabu hayazidi vidole vya mikono. Matoleo yanayotangazwa kila mwezi kwa majina ya kishindo mengi ni marekebisho. Marekebisho mazuri nayaheshimu, ila nakataa mtengenezaji anayebadilisha nusu milimita ya upana kisha anawaita wenzake wezi.

Sisi wa Nairobi tuna mfano wetu. Jiko la bati na udongo linalogongwa Kamukunji na Shauri Moyo lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, likabadilishwa hapa miaka ya 1980 kulingana na sufuria na mapishi yetu. Halikufungiwa hataza, mafundi wakaligonga kila mmoja kwa mkono wake, na leo limeenea hadi nchi za jirani. Aliyelifikisha hapo ni yule aliyepima, akarekebisha, akauza kitu kinachofanya kazi.

Wizi upo, nisieleweke vibaya. Kuchukua yoyo ya mtu, kuipima yote, kuikereza vile vile na kuichonga jina linalokaribia la kwake ni wizi hata kama sheria haikufikii. Linganisha na Summit, yoyo ambayo kampuni mbili, One Drop ya Oregon na CLYW ya Canada, ziliitoa kwa pamoja, ikiwa na Side Effects za One Drop, yaani ncha za ekseli zinazobadilishwa. Kila mnunuzi alijua kipi kimetoka kwa nani. Na ukitaka kinga ya kisheria hapa kwetu, KIPI, taasisi ya serikali ya hataza na miundo, husajili miundo ya kiviwanda kwa miaka 5, ikihuishwa mara mbili hadi 15, mradi muundo uwe mpya. V tupu sidhani itavuka kizingiti hicho.

Kuhusu zile za bei nafuu, nunua. MagicYoyo ya China na wenzao wamewawezesha vijana wengi kujifunza baindi (mbinu ya kuirudisha yoyo mkononi) na mitindo mingine bila kuuza simu. Ukiona toleo unalolishuku, lipime, kisha weka vipimo hapa tuvijadili. Na ukienda kwa fundi, beba beringi yenyewe mfukoni, usimpe namba peke yake; mwache aijaribishe kwenye kiti kabla hajakata kuta. Siku ukiitoa hadharani, andika na jina lake kama ataridhia.