Walinunua Jarida, na Mkono Wangu Ukiwamo

Alhamisi iliyopita nilikuwa sokoni Darajani nachagua pweza, nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana wa Wete, Pemba, ambaye simjui hata kwa sura. Baada ya shikamoo na kuniulizia hali ya nyumbani, akasema kijarida chao, ambacho wamekiendesha vijana wanne kwa miaka mitano, kimepata tajiri. Tajiri atalipa deni la mchapaji, atawapa ofisi Chake Chake, na ameahidi kwamba hatogusa kitu. "Sasa dada, nibaki au niondoke?"

Pweza nilimwacha palepale. Nilirudi nyumbani nikausikiliza ule ujumbe mara tatu. Ulisikika vizuri tangu mara ya kwanza, ila lile neno ndilo lililonikwama. Hatogusa kitu. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, miaka tisa nyuma, mbele ya sinia la biriani, na nikalila lile neno pamoja na nyama.

Nilikuwa mhariri msaidizi wa jarida ambalo silitaji, ingawa wenye umri wangu mshalijua. Ofisi yetu ilikuwa Mkunazini, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, feni moja na meza mbili. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa skuli aliyestaafu, sote tukimwita Maalim. Alisoma kila ukurasa kwa rula na kalamu nyekundu, mstari kwa mstari. Ukimwandikia "wananchi walifurahi", anakutazama juu ya miwani: "Wangapi? Uliwahesabu?" Nililia mara mbili katika ile ofisi mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu nikaanza kuwaliza wengine.

Jarida lilitoka kila mwezi, au tuseme kila Maalim alipopata pesa ya karatasi. Kurasa 36. Bando la Pemba tulilishusha bandarini Malindi kwa mikono yetu, na mabaharia walilipakia bure kwa sharti moja, wapate nakala zao kabla ya mtu mwengine yeyote. Ukienda Makunduchi au Micheweni ukasema unatoka kwenye lile jarida, unatolewa kiti. Safu ya pepo na misimu ya bahari, ile ya kusi na kaskazi, matlai na umande, ilikuwa yangu. Mpaka leo nakutana na manahodha walioikata na kuihifadhi, na sioni haya kusema kwamba najidai nayo.

Halafu macho ya Maalim yakafa kwa sukari. Deni la uchapaji likapanda. Watoto wake wako Muscat, wana maisha yao, wakataka mzigo uwatoke. Siwalaumu. (Nawalaumu kidogo.) Ikaja kampuni yenye hoteli, boti za watalii na mabango ya matangazo, ikalinunua jina, leseni, kompyuta, na makabati yenye picha zote. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tukasema. Tukaalikwa biriani.

Miezi sita ya mwanzo siisimulii kwa sababu hakuna cha kusimulia. Ilikuwa raha. Mshahara ulikuwa ukiingia tarehe 25 bila ya kuuliza, chumba kikawa na kiyoyozi, karatasi ikawa ya kung'aa. Nilinunua friji. Ndugu zangu mnaoandika, tuseme kweli, njaa ya mwandishi ni mlango mpana kuliko kitisho cha polisi.

Kilichotokea baadaye sikukiona kikija, kwa sababu nilikuwa nikingojea amri. Nilidhani siku moja atakuja mtu wa koti aseme "hii msiandike", na mimi nitasimama nikatae, nitoke na mkoba wangu, na hadithi yangu isimuliwe barazani. Nilishaiandaa hata hotuba. Mtu huyo hakuja. Alikuja kijana mpole wa kuitwa meneja wa maudhui, anayetoa salamu vizuri, anayeleta maandazi ya asubuhi.

Mwaka wa pili niliandika habari ya mwani. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, na tangu hapo wanaoinama majini wengi wao ni wanawake. Nilikwenda mashariki bamvua tatu, kwa sababu shamba la mwani halina mlango wa kubisha, unasubiri maji yapwe. Nilifunga taitai, vile vikamba vya mwani, mpaka vidole vikavimba. Nikafundishwa kwamba mwani ni wa aina mbili, kotonii ndiyo yenye bei, lakini maji yakipata joto inaoza, na spinosamu inavumilia lakini bei yake ya kusikitisha. Dawa mojawapo ni kuhamia kina kirefu kwenye maji ya baridi. Huko kunataka chombo, na kunataka kujua kuogelea, na wengi wa wale mama hawakufundishwa kuogelea. Juu ya hayo kuna hoteli, ambayo mgeni wake anataka pwani tupu, asikanyage kigingi wala kamba. Nilikuwa na kurasa sita na picha ya kiganja kilichochanika, picha ambayo mpaka leo ndiyo bora niliyowahi kupiga.

Hakuna aliyeikataa. Meneja wa maudhui aliisoma yote, akaisifu, akasema, "Kipande cha hoteli kipunguze kidogo tu, dada, kimerefuka." Kweli kilikuwa kimerefuka. Nikapunguza. Wiki iliyofuata: kipande cha bei kina tarakimu nyingi, msomaji atachoka. Nikapunguza. Halafu picha ya kiganja inatisha, jalada linataka uso unaocheka. Nilikuwa na uso unaocheka, nikautoa. Mwisho wakaniambia nichague kichwa cha habari mwenyewe, kwa heshima yangu. Nikaandika "Bustani za Baharini". Mimi, kwa mkono huu. Ukurasa wa pili wake ukawa na tangazo la sabuni ya mwani na masaji.

Bibi aliyenipokea kule alisomewa na mjukuu wake. Alinipigia simu. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ile mikono yangu mumeitia wapi?"

Nilikaa mwaka mwengine mzima baada ya simu ile. Hilo ndilo ninaloliona haya kuliko habari yenyewe.

Nilipotoka ndipo nikaanza kusoma yaliyowapata wengine, nikitafuta, nadhani, wa kulia naye. Nyumbani kwetu Wete kulikuwa na rundo la *National Geographic* za zamani, baba alipewa na Mzungu mmoja wa mradi wa afya. Tulikuwa tunagombania ramani zake. Jarida lile lilizaliwa Washington mwaka 1888, mwaka uleule ambao hapa Unguja, Kiungani, wanafunzi wa misheni walianza kuchapa *Msimulizi*, kwa Kiswahili. Mwaka 2015 kampuni ya 21st Century Fox ililipa dola milioni 725 ikachukua asilimia 73 ya biashara ile, magazeti na televisheni pamoja. Mwaka 2019 sehemu hiyo ikaingia mikononi mwa Disney pamoja na mali nyengine za Fox. Mwaka 2023 waandishi wa mwisho walioajiriwa wakaagwa, kazi ikabaki kwa wahariri na vibarua wa nje, na kule Marekani likaacha kuuzwa kwenye vibanda vya magazeti. Fremu ya manjano ya jalada lake bado ipo. Niliposoma hayo nilikumbuka kiyoyozi chetu.

Tena hao ni waungwana ukilinganisha na yaliyoipata *Sports Illustrated*, jarida la michezo la tangu 1954. Mwaka 2019 lilinunuliwa kwa dola milioni 110 na kampuni ya Authentic Brands Group, ambayo biashara yake ni kumiliki majina, hata jina la Elvis Presley liko kwake. Mnunuzi akalikodisha jina kwa kampuni nyengine ndiyo ichapishe. Yaani nyumba ya mtu mmoja, mpangaji mwengine, na waandishi ni wapangaji wa mpangaji. Novemba 2023 ikafichuka kwamba kwenye tovuti yake kulikuwa na makala za kusifia bidhaa zilizowekewa majina ya waandishi wasiokuwepo duniani, na sura zao zimetengenezwa na kompyuta. Wachapishaji wakasema makala zile zililetwa na kampuni ya nje. Miezi miwili baadaye mpangaji akashindwa kulipa dola milioni 3.75 za kodi, akanyang'anywa leseni, na wafanyakazi wakapata barua za kuachishwa. Mimi angalau nilipoharibu niliharibu kwa jina langu.

Sasa nije kwa mdogo wangu wa Wete, maana nimejisimulia mno.

Kwanza, soma mkataba. Najua mkataba ni karatasi kavu na wewe una toleo la kumaliza, lakini usome. Wangu ulisema katika kifungu cha kumi na kitu kwamba picha na maandishi yote, "yaliyopita na yajayo", ni mali ya kampuni. Niliweka saini kwa kalamu ya Maalim. Picha ya kiganja cha bibi yule si yangu tena. Nikitaka kuichapisha hapa lazima niombe ruhusa. Zanzibar tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi ya hakimiliki, COSOZA, mtu anaweza kwenda akauliza kabla. Kabla, nasema. Mimi nilikwenda baada.

Pili, ahadi ya "hatogusa kitu" iandikwe. Kama ni ya kweli, wino hautamuuma. Mwaka 2015 kampuni ya Pearson ilipouza nusu yake ya *The Economist*, jarida la Uingereza, kwa pauni milioni 469, mnunuzi mkubwa alikuwa Exor, kampuni ya familia ya Agnelli, haohao wa Juventus. Hao si watu wa kuwaona barazani wakaomba kashata. Lakini walikuta sheria za ndani zinazosema hakuna mwenye hisa atakayepiga kura zaidi ya asilimia 20, na mhariri hateuliwi mpaka wadhamini waridhie. Wakaingia na asilimia zao 43.4 wakaikuta fensi imesimama. Sisi fensi yetu ilikuwa macho ya Maalim, na yakafa. Nyinyi mko wanne na jarida bado ni lenu, hiyo ndiyo nguvu mtakayokuwa nayo mara moja tu. Andikeni nani anamteua mhariri, nani anamfukuza, na tangazo linakaa ukurasa gani.

Tatu, soma mkataba. Nimeshasema, nasema tena, na ukinipigia nitasema mara ya tatu.

Kuhusu kubaki au kuondoka, watu wanapenda kuniuliza kana kwamba nilifanya la kishujaa. Desemba 2014 pale *The New Republic*, jarida la Marekani lililokuwa limetimiza miaka mia, tajiri kijana aliyechuma kwa Facebook alimng'oa mhariri, na wahariri na waandishi wengi wakajiuzulu kwa mkupuo, toleo lililofuata likashindwa kutoka. Nilipoisoma nilisisimkwa. Kisha nikafikiria: wale walikuwa wengi, na mji wao una magazeti mengine. Hapa kwetu ukitoka unakwenda wapi? Nilipotoka mimi niliuza friji. Nilifundisha tuisheni miaka miwili. Kwa hiyo sikwambii uondoke, na anayekwambia uondoke muulize yeye anakula wapi. Nakwambia uwe na daftari. Kila ukiambiwa "punguza kidogo", andika tarehe, na andika umepunguza nini. Mimi ningekuwa na daftari lile ningeona kufika mwezi wa tatu kwamba vidogo vyote vimeelekea upande mmoja. Bila ya daftari kila kidogo kina sababu yake nzuri, nawe unakipunguza ukiwa umetulia, maandazi mkononi.

Tena vijana mnaandika siku hizi kama mliozaliwa na deni la kupendwa. Mnahesabu waliobofya, hamhesabu waliowaamini. Haya, basi, nimeanza kuhutubia, na Maalim angenichorea mstari mwekundu hapa.

Maalim alifariki mwaka wa tatu baada ya mauzo. Alikuwa haoni, lakini kila mwezi alitaka asomewe, na mwanawe wa kike, kwa huruma yake, alikuwa akimsomea matoleo ya zamani na kumwambia ndiyo mapya. Nilikwenda kumtazama siku moja nikamkuta anasikiliza safu yangu ya pepo, ya miaka kumi nyuma. Akaniambia, "Umeanza kuandika vizuri." Sikumsahihisha.

Yule kijana nimemjibu jana usiku, kwa sauti, dakika kumi na moja. Amerudisha alama ya dole gumba na kusema watakutana na tajiri Jumamosi, atamwomba kwanza nakala ya mkataba aende nayo nyumbani. Nimemwambia akipewa jibu la "si lazima, sisi ni ndugu", anijulishe.

Na jambo moja la kwangu. Nimekusanya matoleo yote ya enzi za Maalim isipokuwa moja, lile la Ramadhani lenye mtumbwi kwenye jalada na safu ya matlai ndani. Kampuni inasema makabati ya zamani yalihamishwa, hawajui yako wapi. Kama liko kwenu, Pemba au Unguja, hata likiwa limeliwa na mende, nitalipia nauli ya boti na nakala ya kivuli nitawarudishia.