Beji ya mwandishi wa kujitolea: jina lipi?

SWALI: Ndugu wahariri, ninaandikia gazeti la mtandaoni kwa kujitolea, na habari zangu hutoka kwa lakabu. Sasa nahitaji beji ya kuingilia mikutano na ofisi za serikali. Niweke lakabu hiyohiyo? Na naweza kuandika PRESSE?
Msomaji, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Lakabu isikanyage kwenye beji. Mlinzi wa ofisi ya bourgmestre (mkuu wa komuni) atakuomba kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu Kongo ndiyo kitambulisho cha kila siku, na ataisoma sambamba na beji. Majina yakipishana, utahesabiwa tapeli kabla hujajieleza. Nakili majina yote kama yalivyo kwenye kadi, kwa mpangilio uleule.

PRESSE peke yake iache. Kadi ya mwandishi wa habari nchini hutolewa na UNPC, umoja wa kitaifa wa wanahabari wa Kongo. Gazeti lenu linaweza tu kukutambulisha kuwa mtu wake. Lenyewe liwe limetimiza masharti ya ordonnance-loi (amri ya Rais yenye nguvu ya sheria) namba 23/009 ya tarehe 13 Machi 2023 kuhusu uhuru wa habari, maana gazeti lisilo na hati halali halimkingi mwandishi wake. Andikeni "mwandishi wa kujitolea", na kwa Kifaransa pia, kisha jina la gazeti, picha, namba ya beji, tarehe ya kutolewa na ya kwisha, na simu ya mhariri. Bendera na nembo ya taifa msiziguse. Kipimo cha milimita 86 kwa 54 huingia kwenye vifuko vya kawaida.

Kinachoangusha beji nyingi ni ile simu: mlinzi anapiga, haipatikani, mwandishi anarudishwa. Wekeni namba mbili, na anayepokea awe anakujua kwa jina la kwenye kadi, si kwa lakabu. Kwenye tukio kubwa chukua pia ordre de mission (barua ya gazeti ya kukutuma kazini) yenye muhuri, mahali na tarehe.

Lakabu ibaki kwenye makala. Mhariri mmoja tu atunze orodha ya nani ni nani, kwenye daftari la kufungiwa, kamwe si kwenye kundi la WhatsApp. Tunasisitiza hili: ukiweka picha ya beji mpya Facebook, halafu ukasambaza makala zako papo hapo, umeyaunganisha majina mawili kwa mkono wako. Na anayejificha kwa kuhofia usalama wake asivae beji kabisa. Afanye kazi ya nyaraka na simu, mwenzake aende uwanjani.

Ukipewa coupage (bahasha ya pesa anayopewa mwandishi na anayeandikwa habari) kwenye mkutano, irudishe palepale na umwarifu mhariri siku hiyohiyo. Ukiacha kuandika, beji irudi kwake ikatwe.